Majibu ya Kanda ya Sita

"Zao kuu la biashara?"

"Hakuna," mama dobi alijibu, pasi mkononi.

Mwalimu alicheka. "Mama, hakuna zao linaloitwa hakuna. Ni pamba. Sema pamba."

"Pamba."

"Mto unafurika mwezi gani?"

"Haufuriki."

"Aprili!" alidakia binti yake wa miaka saba, aliyeketi juu ya rundo la shuka za hoteli akichezesha miguu. "Mama, hata mimi nimeshika!"

"Kichwa chako bado kipya," mama alisema. "Changu kimejaa vitu vingine."

Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita, na sasa aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza utangulizi wa kanda za dunia. Mashati yake yalifuliwa hapa. Siku mama dobi alipomwomba amsomee barua ya uhamiaji iliyomwita kuhojiwa, kijana alirudi jioni hiyohiyo na kitabu chake kwapani.

Mtaa mzima ulijua mambo yalivyo. Waliotoka Kanda ya Sita, kama kitabu kilivyoiita, walipewa hifadhi. Waliojisingizia kutoka huko walipandishwa ndege siku hiyohiyo. Kipimo kilikuwa maswali ishirini. Ukutani yalining'inia makoti matano, safi, yamenyooshwa, na hakuna aliyerudi kuyachukua.

Mwalimu hakumwuliza kama kweli ni mtu wa huko. Aliona kumwuliza ni kumvua nguo. Tena kwa jinsi mama alivyokosea, jibu alishajipa mwenyewe. Lakini mtoto huyu aliyefika hapa akiwa mgongoni, leo anajua kusoma, apandishwe ndege kwa sababu mama yake hajui pamba? Hapana. Elimu isiyomfaa jirani ni mzigo wa punda.

"Watu wengi wa huko hufanya kazi gani?"

Mama aliinua pasi. Mvuke ukamficha uso. "Wanachimba."

"Wanachimba nini? Huko hakuna madini."

"Mashimo."

Binti aliangua kicheko hadi shuka zikaporomoka.

"Wanavua samaki, mama. Ukurasa wa mia na kumi na mbili."

"Lakini, mwalimu..."

"Mama yangu, tusibishane na kitabu. Afisa naye ana kitabu."

Mama aliguna, akairudisha pasi kwenye kola. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Wiki tatu walikwenda hivyo. Alikosea, akasahihishwa, akarudia. Wiki ya nne hakukosea tena, na mwalimu akaona fahari ambayo darasani hakuwahi kuipata.

Alhamisi wakaenda uhamiaji. Binti aliachwa kwenye benchi la ukumbini na daftari lake. Mwalimu aliruhusiwa kuketi nyuma, ukutani, mradi afunge mdomo.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimmiminia mama maji kabla ya kuanza.

"Kwenu mnalima nini?"

"Pamba."

"Mto je?"

"Unafurika Aprili."

"Na watu wanaishije?"

"Wanavua samaki."

Majibu yalimtoka kama maji ya bomba. Mwalimu alihesabu kwa vidole, akamaliza mikono yote miwili, akaanza upya. Lilipofika la mwisho, alitamani kupiga makofi.

Afisa alilifunga jalada.

"Ishirini kwa ishirini," alisema. Hakutabasamu. "Mama, nimewahoji watu wa huko zaidi ya mia tatu. Hakuna aliyejibu hivi."

Alilisukuma jalada kando.

"Mto ule umekauka miaka kumi sasa. Pamba imekufa nao, samaki vilevile. Watu wamebaki kuchimba, asubuhi wakitafuta maji, jioni wakizika. Mtu wa huko hafundishwi hayo. Haya yako nimeyasoma shuleni."

Mwalimu aliruka kitini. "Afisa, kosa ni langu! Mimi ndiye niliye..."

"Kaa chini, au utoke."

Muhuri ukagonga mara mbili. Karatasi ya mama, kisha ya mtoto. Nje ya mlango viatu vizito vilisogea, na sauti nyembamba ikauliza kama ni saa ya kurudi nyumbani.

"Yamekwisha, mama," afisa alisema, karibu kwa huruma. "Sasa huna tena cha kuficha. Niambie tu: umezaliwa wapi hasa?"

Mama dobi alimgeukia mwalimu kwanza, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu lake.

"Huko huko," alisema.