Dawa ya Ndani

"Tikisa tena," fundi alisema, sikio kalibandika chini ya mlango wa teksi.

Dereva wa teksi akatikisa. Gari lilitoka kwenye gereji hii hii jana, zima kabisa, na leo fundi aliyelichomelea kamfuata mpaka kituoni, kamrudisha, eti atikise gari yeye asikilize.

"Unasikia nini?"

"Kutu."

"Kutu nayo inasikika?"

"Kwa aliyezoea."

Uongo mtupu. Fundi alikuwa anatafuta pete yake ya ndoa.

Jumanne aliivua, kama anavyoivua kila akishika mashine ya kuchomelea, maana dhahabu ikipata moto ukiwa umeivaa utaruka mpaka kwa jirani. Akaitundika kwenye msumari juu ya meza. Karibu na meza yalikuwepo magari matatu, yote yamefumuliwa vizingiti, yale maboksi ya bati yaliyo matupu ndani, chini ya milango. Akachomelea la kwanza, akachomelea la pili, mkewe akaleta chakula cha mchana, wakala, akamalizia la tatu. Jioni msumari ukamtazama mtupu. Alipekua gereji nzima, akachekecha hata vumbi la sakafuni. Wapi! Basi imedondokea ndani ya kizingiti kimojawapo, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kaifungia humo.

Na Jumamosi ni harusi ya shemeji yake, ukoo mzima kwenye picha. Hii pete yenyewe ilikuwa ya pili. Ya kwanza aliipoteza kabla ndoa haijafikisha mwaka, na mkewe alipomvisha hii alimwambia taratibu, bila hasira, "Ya tatu atakuvisha mwanamke mwingine." Mwanamke yule hakuwa na utani wa namna hiyo.

Kwa hiyo fundi akafunga bendeji kidoleni, akasema kaungua.

"Kidole vipi, baba watoto?" mkewe aliuliza mezani.

"Kinauma."

"Pole, jamani. Na ile dawa ya kutu inatosha, au niongeze?"

Vifaa vya gereji alinunua mke. Mwezi uliopita alileta makopo kumi na mawili ya dawa ya kupuliza, kwa sababu alichoka kuona wateja wanarudi na vizingiti vimetoboka. Ukichomelea bati, moto unaunguza rangi ya upande wa ndani, pale usipoona. Usipopuliza dawa, unyevu unaingia na kutu inakula kimyakimya mpaka siku mguu wa abiria unagusa barabara. Fundi alilijua hilo vizuri sana. Ila kupuliza ni kuingiza mpira mwembamba kwenye kitundu, kusubiri, kugeuza, kupuliza tena, na mwisho wa yote, nani atachungulia humo?

"Inatosha. Naitumia kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Haya."

Basi akaikata teksi. Angeingiza sumaku, lakini dhahabu haina habari na sumaku, kwa hiyo aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kupapasa. Hola. Akachomelea upya, akapaka rangi juu, akamwambia dereva dawa imeingia, aende kwa amani.

"Bure?" Dereva alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mafundi kama wewe wameisha, kaka!"

Fundi aliona haya, lakini haya ya dakika moja. Sifa zikasambaa haraka. Alhamisi muuza magodoro alileta pikapu yake bila kuitwa, naye akatibiwa kutu ambayo hakuna aliyeiona, kwa dawa ambayo hakuna aliyeifungua. Humo namo, pete hakuna.

Likabaki gari moja, la mwalimu mkuu mstaafu. Bibi yule alifika Ijumaa alasiri, muda mfupi baada ya mke wa fundi kuleta chakula, kupitia rafu ya vifaa kama kawaida yake na kuondoka. Mwalimu alivuta stuli, akakaa, akavaa miwani.

"Mwalimu, utaumia na moshi."

"Nimekaa na watoto wa watu miaka thelathini na minane. Moshi ni nini? Fanya kazi."

Fundi akakata. Akaingiza mkono, akapapasa, akagusa kitu kidogo, cha duara, cha baridi. Akakitoa huku anatabasamu peke yake.

Nati.

Nusura alie, tena mbele ya mteja. Alichomelea bati lile huku anapanga maneno ya kumwambia mkewe, na kila neno lilianza vizuri likaishia kwa mwanamke mwingine. Akazima mashine, akafuta jasho.

"Tayari, Mwalimu."

"Tayari nini? Dawa iko wapi?"

"Si nimeshapuliza?"

"Mwanangu, toka nimekaa hapa sijapepesa macho."

Fundi akaenda kwenye rafu. Makopo yalikuwa yamepangwa vilevile mkewe alivyoyapanga, kumi na mawili, yamevaa vumbi yote isipokuwa kifuniko cha lile la mbele. Akalichukua hilo, akalitikisa kama mtu anayejua, akang'oa kifuniko.

Kikaratasi kilichokunjwa kilimdondokea kiganjani, kizito. Akakikunjua, na pete yake ikamtazama. Pembeni yake, kwa mwandiko anaoujua, kulikuwa na mistari minne, kila mmoja kwa wino wake:

*Jumanne: nimeiweka hapa, utaiona ukipuliza.*

*Jumatano: bado ipo.*

*Alhamisi: bado ipo.*

*Ijumaa: pole na kidole.*