Gasketi ya Boksi

Tarehe tisa Julai manyunyu yalianza alfajiri, na pikipiki kuukuu ya Nathanaeli ilikataa tena kukaa sailensa, yaani kunguruma yenyewe bila kuongezewa mafuta. Kila alipoachia mafuta, ilikohoa na kuzimika.

"Mafuta yako machafu," alisema fundi Zebedayo gerejini kwake. Ndivyo alivyosema pia mwezi Mei, pikipiki ilipozimika kilimani ikiwa imembeba mke wa Nathanaeli mwenye uchungu wa uzazi. Mtoto alizaliwa palepale barabarani, hakulia. Mke alirudi kwao, akiamini kwamba mumewe alijaza mafuta ya bei rahisi ya chupa.

"Nilijaza kituoni, fundi. Pima tena."

Madereva wa bodaboda waliojikinga manyunyu kwenye baraza la gereji wakacheka. "Huyu anabishana na daktari wa pikipiki!"

Nathanaeli alishikilia kishikio cha mafuta injini isizimike, Zebedayo akanyunyiza petroli kidogo kwenye shingo ya kabureta. Injini ikanguruma kwa kasi ghafla. Ilikuwa ikivuta hewa hapo; kosa halikuwa la mafuta. Madereva wakasogea karibu.

Zebedayo alifungua nati mbili, akatoa gasketi inayoziba maungio ya kabureta na injini. Ilikuwa kipande cha boksi la sabuni, kimelowa na kuchanika. Zebedayo mwenyewe ndiye aliyekikata kwa mkasi, mwezi Machi, alipoona uvivu kwenda kutafuta gasketi halisi.

"Ulinisema hata makaburini, tukimzika mwanangu," Nathanaeli alisema taratibu.

Zebedayo aliinuka, kipande kikiwa kiganjani. "Mungu anasikia, na nyie mnasikia," aliwaambia madereva. "Jumapili nitakwenda kwa wakwe zake. Wakinipa kiti, sitakaa. Nitamwonyesha mkewe hiki, nimwambie nilikikata mimi."