Mikono ya Murdo

"Mikono, Murdo. Nataka kuiona yote miwili," alisema Alwyn kutoka kiti cha nyuma.

Mbele yake rubani aliipandisha mikono, akaishikiza pembeni mwa kioo, mmoja huku na mmoja kule, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Manowari ya kubeba ndege ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya bahari baridi ya Uskoti. Ndege ilikuwa imeshafungwa kwenye manati ya mvuke, mtambo wa kuirusha kutoka sitahani, inatetemeka.

Ndege hii mpya ya kushambulia meli ilikuwa na kitendawili chake: wakati wa kurushwa, huruka vizuri rubani akiiacha. Ilitegeshwa ijinyanyue yenyewe. Ukiugusa usukani katika zile sekunde chache za mwanzo, pua inainuka kupita kiasi, ndege inaanguka mbele ya meli, na meli inapita juu yako. Lakini mtu aliyefundishwa miaka yote kushika, utamwambiaje asishike? Mkono unakwenda wenyewe. Jumanne ulikwenda mkono wa Innes. Yeye na mwenzake hawakuonekana tena.

Innes alikuwa rafiki wa Murdo tangu chuoni. Toka siku ile Murdo alikuwa hapati usingizi, na asubuhi hii aliyaacha mayai yake yakapoa sahanini, akasema hana njaa. Daktari alipomwuliza hali, alijibu kwamba yeye ni chuma. Mezani wote walicheka, isipokuwa Alwyn. Kiti cha nyuma hakina usukani. Mtu wa nyuma ana ramani yake na kisogo cha mwenzake cha kutazama, basi.

"Ukiugusa tu," alisema sasa, "nakwenda kumwambia mkeo nani alivunja birika la mama yake."

Murdo alicheka kidogo, sauti yake ikitoka mbali. "Utamwambia ukiwa umelowa."

Afisa wa sitaha akaishusha bendera ya kijani.

Kishindo. Alwyn alibandikwa kitini kama stempu, asiweze hata kumeza mate, lakini macho hakuyaondoa kwenye ile mikono. Nguvu ya manati iliing'oa kwenye kioo, ikaitupa nyuma. Usishike, Alwyn aliomba moyoni. Usishike, usishike.

Sitaha ikaisha. Ndege ikazama kuelekea mawimbi, na hapo ndipo mkono wa kila rubani huchomoka bila kutumwa. Wa Murdo haukuchomoka. Pua ikajinyanyua taratibu, yenyewe, kama walivyoahidi walioiunda, na maji yakaanza kuwa mbali.

Redioni mkuu wa meli alisema kwamba hajapata kuona mruko safi kama ule, na kwamba rubani apewe hongera zake. Alwyn alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Umesikia, kichwa kigumu? Haya, shika sasa."

Mikono haikusogea.

"Murdo, ndugu yangu. Shika."

Ndege ikaanza kulalia kushoto, polepole, na kofia ya Murdo ikalala nayo, kama kichwa cha mtoto aliyepitiwa na usingizi mgongoni kwa mama yake.