Kalunde wa Mkiani

Enzi za Bibi Nyamizi, kila tembo kijana alikuwa na kazi. Ukame ulipoanza, Bibi aliuongoza ukoo kwenda mto wa mbali ambao vijana hawakuwahi kuufikia. Binamu za Kalunde walitumwa mbele kunusa maji. Kalunde, mwenye tabia ya kugeukageuka, aliwekwa mwisho kabisa.

"Mimi wa nini huku nyuma, Bibi?"

"Wewe geuka, utazame tulikotoka."

"Mhesabu mikia huyo," binamu walimcheka.

Walipofika, mto nao ulikuwa umekauka, na Bibi akafia ukingoni. Ilibidi warudi kwenye chemchemi ya nyumbani, iliyobaki na maji kidogo, kabla kiu haijawaua watoto. Binamu wakatangulia, wakasimama wakiduwaa. Njia ile hawakuwahi kuiona kwa upande huu. Kalunde alikuwa ameitazama safari nzima.

"Tupite kushoto, penye mwamba wenye ufa," alisema, na wote wakamfuata hadi majini.

Leo Kalunde ndiye bibi. Juzi mjukuu wake mmoja mzubaifu alimuuliza, "Mimi wa nini, Bibi?" Kalunde akamkumbuka Nyamizi, kisha akamsogeza mjukuu taratibu hadi mwisho wa msafara.

"Utazame tulikotoka, mjukuu wangu. Siku moja watakuuliza."