Laini Isiyokosea

Tangu simu zote zianze kupitishwa njia mbili kwa pamoja, ya kwanta, inayotumia chembe ndogo mno za mwanga, na ya kawaida, moja ikisahihisha nyingine, hakuna neno lililofika na kosa. Mwanaidi aliusogeza kando ungo wa mchele, akamsikiliza mumewe Shekue, fundi wa kituo cha Mwezini. Sauti ilitiririka kama maji. Shekue huyu, mwenye kigugumizi tangu utotoni! Jina la mkewe ndilo lililomshinda zaidi, naye Mwanaidi alipenda lilivyomkwama ulimini.

"Baba Rehani, hebu niite kama zamani."

"Mwanaidi."

"Siyo hivyo. Kwama kidogo, nijue ni wewe."

"Mbona nimekwama mara nne, mke wangu," ikajibu sauti, bila kujikwaa hata kidogo.