Nusu ya Mwanahawa

Siku hizi sheria inamruhusu ndugu wa damu kubeba nusu ya arosto, yale maumivu na hamu ya mtu anayeacha unga wa kulevya. Mwanahawa alijitolea kumbebea mdogo wake, Shekue. Kliniki ikawapandikiza kila mmoja kidude nyuma ya sikio, na kwa wiki kadhaa wakatetemeka pamoja sebuleni, chini ya blanketi moja.

Shekue akapona. Akanenepa, akarudi kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti. Lakini nusu ya Mwanahawa haikumtoka, hata kidude kilipotolewa. Shekue alikwenda kliniki kuomba arudishiwe mzigo wake. Wakamwambia aliyepona haruhusiwi kubeba.

Asubuhi moja alimkuta dada yake amevaa baibui, jasho linamtiririka.

"Shekue, ulikuwa ukinunua wapi?"

"Dada, wewe hujawahi hata kuuonja!"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Shekue akafunga mlango kwa ufunguo, akamkumbatia, wakaketi sakafuni. Alimsikia anavyotetemeka, ila yeye mwenyewe hakuwa na hamu yoyote.

"Nisamehe, dada."

Mwanahawa alikuwa akiutazama ufunguo mkononi mwa Shekue.