Zizi Lenye Maktaba

Dwight Kolterman aliinua fulana ya njano ya binti yake kwa koleo la kuchomea nyama, akaishika mbali na mwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa, kisha akaidondosha kwenye buti la gari.

"Nimeshaoga leo," alisema. "Sitaki kuanza upya."

Maren hakucheka. Tangu atangaze kwamba anahamia Chuo Kikuu cha Haverly, ng'ambo ya mto, katika jimbo jirani, baba yake hakuwa amemwambia neno lisilo na kejeli. Kwake Haverly lilikuwa zizi lenye maktaba. Wahadhiri wake walikuwa wafuga nguruwe waliofundishwa kufunga tai. Timu yao ilicheza mpira kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Aliyasema hayo mezani, akayasema kanisani, na hata kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi.

Akina Kolterman wote walikuwa watu wa Dunmore, chuo kikuu cha jimbo lao, na rangi ya Dunmore ni nyekundu, kama ya Haverly ilivyo njano. Basi nyumba ilikuwa na mazulia mekundu, vikombe vyekundu, na mbwa mzee aliyevishwa skafu nyekundu kila Jumamosi ya mechi, apende asipende. Katika ukoo huo hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa anataka kusoma wapi.

Maren naye hakuulizwa. Alipelekwa Dunmore kusoma biashara, akakaa safu ya nyuma katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi, akimtazama mhadhiri aliyeonekana kule mbele kama kidole gumba chenye miwani. Majira ya baridi aliugua mafua makali, akalala wiki nzima bila kutia mguu darasani. Hakuna aliyegundua kuwa hayupo.

Alichotaka kusoma ni udongo. Siku alipokwenda kuitazama Haverly, mhadhiri mmoja mwanamke alimchukua hadi shambani, wakachimba shimo, wakakaa humohumo wakizungumza mpaka wakati wa chakula cha mchana. Alirudi nyumbani na kucha nyeusi, anacheka peke yake.

"Udongo!" Dwight alisema siku hiyo. "Mwanangu, udongo tunao nyuma ya nyumba. Chukua sepetu, jioni nikutunuku shahada."

"Baba, basi."

"Nauliza tu. Mahafali mnavaa joho au mabuti?"

Sasa siku ya kuondoka ilikuwa imefika, na mama yake Maren, Lorna, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa kilichopoa.

"Dwight, mtoto anaondoka. Mwache aende na moyo mweupe."

"Nani kamzuia? Si nampeleka mwenyewe?"

Lorna alimtazama mumewe kitambo, akataka kusema kitu, akaingia ndani.

Walivuka daraja la mto. Upande wa pili mahindi yalikuwa yaleyale, lakini Dwight aliyaona yamedumaa. Ng'ombe nao, alisema, walikuwa na nyuso za watu waliofeli hesabu.

Hapo Maren alichoka. "Kama unapadharau hivi, usije hata kunitembelea."

"Sikuwa na mpango huo."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekataa sukari. Maren aligeukia dirishani asionekane macho.

Haverly ilikuwa kubwa kama mji. Magari ya wazazi yalijipanga barabara nzima, na vijana wenye fulana za njano walipunga mikono huku na huku bila kumsaidia yeyote. Maren alifungua ramani kwenye simu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ngoja kidogo, baba, nadhani tunatakiwa..."

Dwight alikuwa ameshakata kushoto. Akapita nyuma ya vibanda vya miche, akaingia kichochoro kilichobana kati ya kuta mbili, akatokea uani, nyuma ya jiko la bweni kuukuu la matofali. Hapakuwa na gari jingine hata moja.

"Umejuaje?"

"Mazizi yote hujengwa namna moja."

Alibeba masanduku yote mwenyewe. Alizitukana ngazi, akautukana mlango, akalitukana godoro. Jirani mmoja wa Maren alimkaribisha biskuti, naye akauliza kwa sauti kama ni za binadamu. Maren alitamani ardhi impasukie.

Mzigo wa mwisho ulipopanda, alimsindikiza baba yake hadi uani ili amalizane naye. Dwight hakuingia garini. Alisimama ameinua kichwa, anatazama ghorofa ya juu ya lile bweni, na midomo yake ikicheza. Maren aliijua dalili hiyo. Kejeli nyingine ilikuwa njiani.

"Haya, sema," alimwambia. "Sema ya mwisho uende zako."

"Kile cha pembeni, chenye dirisha lililopinda," Dwight alisema, "kilikuwa chumba changu. Siku nikija kukuchukua, mwanangu, hata nikikutukana, hata nikikulilia, usikubali kupanda gari. Babu yako alipokuja kunichukua mimi, nilipanda."